Diski Sita na Sauti ya Mama

Naona simu zimeshainuliwa hapo mbele, na kule kwa wanakwaya pia. Rekodini tu, wapendwa, leo sigombi na mtu. Ila nina mfano, nao unahusu kompyuta, kwa hiyo wazee wangu wa viti vya nyuma mnivumilie. Hata mimi ilibidi nieleweshwe mara tatu.

Alikuwepo bwana mmoja mstaafu, katika miji hii yetu ya milimani ambako mvua haijui likizo. Bwana huyu alikuwa na ugonjwa wa kutunza. Video za harusi, za kipaimara, za kwaya, filamu za zamani, vyote alivitaka viwe nyumbani kwake kwenye kompyuta moja ya kuhifadhia, ili mtu akikaa sebuleni awashe runinga na kuchagua anachotaka. Lakini humo ndani kulikuwa na kitu kimoja kilichozidi vyote. Sauti ya mama yake. Asubuhi ya mwisho ya uhai wake, ndugu wengine wakiwa bado njiani, mama alikaa kitandani akawabariki watoto na wajukuu, kila mmoja kwa jina, na yule bwana akarekodi kwa simu. Dakika kumi na moja.

Kwa ajili ya dakika hizo alimwita fundi. Fundi akaja na diski sita, akazipanga kwenye kasha moja. Mbele yake akaweka diski ndogo yenye mbio sana, ambayo mafundi huiita kache. Kila kitu kipya hupokelewa hapo kwanza, halafu kila siku saa kumi jioni kinahamishiwa kwenye zile kubwa.

"Kilichoko humu kwenye kache, mzee, usikihesabu kuwa kimeingia ndani," fundi akamwambia. "Kiko barazani tu."

Halafu fundi akafanya jambo ambalo mimi nikilifikiria mpaka leo nywele zinanisimama. Kwaya ilikuwa inaimba kwenye runinga. Fundi akashika diski moja kati ya zile sita, akaichomoa. Akaishika mkononi hivi! Na kwaya ikaendelea kuimba. Haikukatika hata silabi moja.

Yule bwana akarudi nyuma hatua mbili. "Fundi, wimbo unatoka wapi sasa?"

"Hizi tano zilizobaki, kila moja ina kipande, mzee. Zinashirikiana kujua ya mwenzao yalikuwa nini. Ukiweka diski mpya, tupu kabisa, zitaiandikia upya yote aliyokuwa nayo marehemu."

Mmesikia? Mwenzao amekufa, na walio hai wanamkumbuka mpaka herufi ya mwisho. Mimi nilipoelezwa hivyo niliomba nirudiwe, ndiyo ile mara ya tatu.

Fundi akaongeza diski ya nje kwa ajili ya nakala ya akiba. Akasema, "Hii usiiache hapa. Ipeleke nyumba nyingine. Mpe dada yako."

"Dada yangu? Yule kadi ya kura amepoteza mara mbili! Itakaa hapa hapa, nikiiona."

Akaiweka juu ya kasha lile lile, kwenye soketi ile ile. Kisha akaifuta ile sauti kwenye simu, maana simu ilikuwa imejaa, na kule iko salama.

Dada yake akaja kuomba. "Kaka, mimi sikuwepo siku ile. Nipe na mimi hata kwenye flashi."

"Utaipoteza. Ukitaka kumsikia mama, njoo usikilizie hapa."

Basi dada akawa anakuja. Kila Jumamosi baada ya sokoni, yeye na binti zake, na mara nyingine jirani aliyewahi kuchota maji na marehemu. Wanakaa kwenye zulia, wanasikiliza dakika zao kumi na moja, wanalia kidogo, wanacheka kidogo, wanakunywa chai, wanaondoka. Na kaka yuko wapi? Yuko kule chumbani na kitambaa, anafuta vumbi, anahesabu taa za kijani za diski zake. Sita. Amani moyoni.

Ukakaribia mwaka mmoja tangu mama alale. Mnajua desturi yetu: ukoo unakusanyika, msalaba unasimikwa kaburini. Yule bwana akaahidi kwamba siku hiyo, mbele ya wote, mama atasikika. Watu walipanga safari kwa ajili hiyo. Wengine hawakuwahi kuisikia ile rekodi hata mara moja.

Siku tisa kabla, mchana kweupe, ikapiga radi. Iliingia kwa waya wa umeme ikapita mle chumbani kama mwenye nyumba. Kasha, diski sita, kache, na ile nakala ya akiba iliyokaa juu yake, vyote vikaungua kwa pigo moja. Fundi alikuja akafungua moja moja, akanusa, akavua kofia.

"Pole sana, mzee. Moja ikifa, wenzake wanaifufua. Hizi zimekufa zote kwa pamoja, na nakala ilikuwa imelala nazo kitanda kimoja."

Siku ya msalaba ikafika. Watu wamejaa uani. Baba mdogo akasema, "Haya, tumsikie mama." Yule bwana akasimama, akaeleza kilichotokea, akashindwa kumaliza.

Ndipo dada yake akasema, pale pale alipokaa kwenye mkeka, "Alianza kwa kukohoa."

Watu wakageuka.

"Alikohoa mara mbili. Halafu akasema, 'Nawaona wote, hakuna aliyepungua.'" Akaendelea, akataja majina na baraka zao, mpaka akafika mahali akakwama. Binti yake mkubwa akadakia: "Halafu bibi akasema, 'Shamba la bondeni msiligombee, yale maji ni ya kila mtu.'" Naye akakwama. Jirani akainuka: "Na hapo alicheka. Akasema wajukuu wake wana miguu mikubwa kama babu yao." Mmoja akiishiwa, mwenzake anashika. Kipande kwa kipande, jina kwa jina, mama akarudi pale uani, na kikohozi chake na kicheko chake. Hata watoto wachanga walitulia. Watu walishika vichwa. Mzee mmoja alivua viatu bila kujua kwa nini.

Dada akamtazama kaka yake. "Na wewe alikutaja mwishoni. 'Huyu ndiye mkono wangu wa kulia. Mungu asimwache peke yake.'"

Yule bwana akamsogelea, akamwomba arudie. Ndugu zangu, alikuwa anayasikia kwa mara ya kwanza! Alikuwepo chumbani, lakini macho yake yalikuwa kwenye kioo cha simu, anachunga chaji isiishe. Alijua faili lina ukubwa gani. Alijua tarehe. Neno hata moja hakuwa nalo.

Baba mdogo akamuuliza kwa upole, "Na wewe uliyekuwa naye, huna kipande?"

"Ninacho kimoja," akasema. "Hakikuwemo kwenye diski yoyote. Kabla sijabonyeza, mama aliniambia, 'Mwanangu, weka hiyo simu chini, unishike mkono.' Nikamwambia, subiri kwanza, mama."

Sasa tujiseme sisi, tusimcheke yule bwana. Sisi ndio yeye. Nyumbani tuna Biblia tatu, ya nne kwenye simu, na mahubiri ya miaka mitano hatujayafungua. Radi ikipiga leo mchana, ukabaki na kilichomo moyoni tu, utasimama na kipande gani? Neno tunalipokea Jumapili kwa mbio, linakaa barazani, na jioni inapofika hatulihamishi, tunawasha taarifa ya habari. Na wewe unayesema unaweza kusali peke yako nyumbani, siku ukikwama katikati ya sentensi, nani atadakia? Mungu angeweza kuweka neno lake lote ndani ya mtu mmoja. Hakufanya hivyo. Ametupa vipande vipande, mimi changu, na yule mama wa maandazi pale nyuma chake, na mimi nikifa kesho hamtakosa hata silabi. Nikiliwaza hilo naogopa, kwa uzuri wake.

Naona simu bado ziko juu. Sikatazi kurekodi, na mkirekodi basi gawaneni, msifungiane. Lakini kwa dakika moja hii ziwekeni chini. Mshike mkono aliye kando yako. Yupo mwingine hapa ambaye naye amenyoosha mkono tangu asubuhi, na sisi tumekuwa tukimwambia asubiri.