Kanuni ya Nne ya Kampuni ya Kiboko

Paukwa!

—Pakawa!

Palikuwa na bonde.

—La nani?

Hilo ndilo swali. Kaeni niwaambie.

Bonde hilo lilikuwa na mto, kichaka, miti, na katikati jabali. Juu ya jabali aliishi Bi Pimbi na watoto wake saba. Pimbi bila jabali ni kitoweo. Akikaa uwandani tai humwona, na tai akimwona, basi tena. Jabali lile ndilo lililowaweka hai.

Siku moja Kiboko akatoka mtoni akaanzisha kampuni ya nyumba za kifahari. Mkurugenzi akawa yeye. Akamchorea Tausi nyumba mchangani, Tausi akainunua vivyo hivyo, haijajengwa. Kisha Kiboko akajenga ukuta. Ukuta kwanza, nyumba baadaye. Ukuta ukazunguka kichaka cha Kanga.

"Karibu ndani, dada," Kiboko akamwambia. "Ila humu kuna kanuni. Hakuna kelele."

"Ke-ke-ke-ke! Mkurugenzi, nisiposema nitawaitaje wanangu?"

"Si mimi, dada. Ni kanuni."

Kanga akatolewa. Hiyo ikaitwa awamu ya kwanza.

Kampuni ikakua. Ukuta ukasogea, ukazunguka shimo la Ngiri. Kanuni ya pili: hakuna kuchimba.

"Babu yangu alizaliwa humu!" Ngiri akasema.

"Si mimi, kaka. Ni kanuni."

Ngiri akatolewa. Awamu ya pili.

Kampuni ikakua tena. Ukuta ukasogea, ukazunguka miti ya Tumbili. Kanuni ya tatu: hakuna kurukaruka.

"Sasa mtini nitembee kwa mkongojo?"

"Si mimi, bwana mdogo. Ni kanuni."

Tumbili akatolewa. Awamu ya tatu.

Getini Kiboko alimweka Faru. Macho ya Faru ni hafifu, lakini pua yake haikosei. Kanuni alizikariri neno kwa neno, wala hakuwahi kuuliza sababu. Kiboko alimpendea hilo.

Bi Pimbi aliyaona yote kutoka juu. Alimwona Kanga nje ya ukuta, juani, na vifaranga wake. Aliona mwewe akishuka, fyuu, akaondoka na mmoja. Na ndani ya ukuta, kichaka chao kilikuwa kimefyekwa ili Tausi apate nafasi ya kugeuzia mkia.

Asubuhi moja akaamka, akakuta ukuta umezunguka jabali.

"Habari za huku juu, Bi Pimbi?" Kiboko akaita kutoka chini. "Hapo ulipo nataka kuweka bwawa la kuogelea. Bado natafuta kanuni ya kukufaa. Kelele huna. Huchimbi. Huruki sana."

Bi Pimbi akapiga magoti. "Mkurugenzi, nitukane, niite kidudu, lakini usitunge kanuni ya harufu! Sisi pimbi choo chetu ni kimoja, miaka na miaka, hapa hapa jabalini. Wanangu watatolewa wote!"

"Hu-hu-huum!" Kiboko akacheka mpaka tumbo likatikisika. "Kanuni ya nne: kinachonuka kitoke."

"Basi usiseme 'hata awe nani.' Mjomba wangu ni Tembo. Nitamwita anisemee."

"Tembo mjomba wako? Jitazame wewe!" Lakini Kiboko alikuwa amewahi kuwasikia wazee wakiutaja ukoo huo. Akakohoa. "Kinachonuka kitoke, hata kiwe nini, hata awe nani, hata awe na mjomba nani! Kuanzia kesho asubuhi. Faru, umesikia?"

"Nimesikia."

Jioni ile Bi Pimbi akawapanga wanawe, wakafagia jabali lote, kisha akawasugua kwa majani ya mrehani.

"Mama, yanawasha!"

"Tai anawasha zaidi. Geuka."

Kulipokucha Kiboko akarudi kutoka malishoni. Kila asubuhi aliupa ukuta mgongo, akapiga mkia, paa! paa! paa!, samadi ikaruka huku na huku, ili kila mtu ajue mwenyewe ni nani. Akafanya hivyo, kisha akaenda getini.

"Simama," Faru akasema. "Unanuka."

"Ni mimi, mjinga wewe! Kampuni ni yangu!"

"Hata awe nani."

"Kanuni nimeitunga mimi!"

"Si mimi, mzee. Ni kanuni."

Kiboko akaenda mtoni, akaoga, akarudi. Hasira zikampanda. Na kiboko akikasirika mkia haumtii. Paa! paa! paa! Faru akamrudisha. Akaoga tena, akakasirika tena. Mara ya tatu alibaki majini, yakaonekana masikio tu.

Bi Pimbi akashuka na watoto wake saba. Faru akawanusa mmoja mmoja.

"Mrehani. Piteni."

"Asante, kaka. Na huu ukuta, umeunusa?"

Faru akaunusa. Akaunusa tena, safari hii kwa tuo.

"Unanuka."

"Kanuni inasemaje?"

"Hata kiwe nini."

Akainamisha pembe. Gubu! Gubu! Gubu! Tausi akapiga yowe, Faru akageuka, "Kanuni ya kwanza," akamtoa. Kufikia adhuhuri hapakuwa na jiwe juu ya jiwe. Kanga akaingia, ke-ke-ke-ke, pamoja na vifaranga wake, pungufu mmoja.

"Kelele ndani!" Faru akafoka. Kisha akasita. "Ndani ni wapi?"



Na funzo? Funzo ni kwamba mdogo asishindane na mkubwa. Mkurugenzi akija kwenu na ukuta wake, mpokeeni kwa vigelegele, maana yeye ndiye aletaye maendeleo. Kanga msimuulize.

Hadithi nimeitua hapa. Ikikufaa ibebe, uende nayo. Isipokufaa mwachie mwenzako, wala usiizungushie ukuta.