Nungunungu Atafuta Mchora Ramani

Paukwa!

Pakawa.

Palikuwa na nini?

Kiwanja kitupu na mwenye hamu ya nyumba.

Basi sogeeni. Na wewe unayesinzia, tega sikio.

Hapo zamani za kale palikuwa na Bi Nungunungu na mumewe. Walikaa katika shimo jembamba. Mwaka mmoja Chui aliingiza mkono akamchukua mwana wao. Mama alitaka kumgeuzia miiba, nafasi ya kugeuka hakuna. Alilia yule mama hata macho yakavimba.

Alipopata mimba nyingine akasema, "Mume wangu, humu sizai tena. Tutafute mchora ramani."

Wakaenda kwa ndege Mnana. Mnana hakuuliza kitu, akachora nyumba inayoning'inia mtini.

"Nzuri," alisema mume.

"Tutapandaje?" aliuliza mke.

"Mtajifunza kuruka."

Wakaenda kwa Mchwa. Mchwa hakuuliza kitu, akachora kichuguu cha ghorofa, vyumba elfu.

"Nzuri," alisema mume.

"Tutapitaje?" aliuliza mke.

"Mtakonda."

Wakaenda kwa Fuko. Fuko hakuchora kitu, akauliza. "Mnalalaje? Mnageukaje? Mkigombana, nani hutoka kitandani?"

Mume akasimamisha miiba. "Tumekuja kuchorewa au kupekuliwa?"

"Tulia, baba," alisema mke. "Wale wametuchorea nyumba zao. Huyu anaitafuta yetu."

Akamweleza Fuko yote, hata habari za yule mwana. Fuko akasema, "Nipelekeni kiwanjani." Huko akachora mlango mwembamba, na nyuma ya mlango ukumbi mpana.

"Ukumbi wote huu wa nini?" alinung'unika mume.

"Wa mkeo kugeuka," alisema Fuko.

Wakachimba, wakahamia. Masika yakaingia, mtoto akazaliwa. Chui naye akaja, akaingiza mkono kama alivyozoea. Bi Nungunungu akageuka pale ukumbini, akamwendea kinyumenyume. Chui aliondoka akichechemea, miiba anaichomoa kwa meno.

"Mama, nani alikuwa mlangoni?" aliuliza mtoto.

"Mgeni, mwanangu. Hakukaa."

Ngano yangu imefika ukutani, haina pa kupita. Ukitaka kujenga, usimpe kazi anayekimbilia kuchora; mpe anayekuuliza unaishije. Mimi nami nilimwendea Fuko anichoree kibanda. Aliniuliza maswali mpaka nikaona haya, nikarudi kwa mama mkwe.