Mkataba wa Daraja la Vumbani

Tarehe 28 Juni 1934, Makungu, karani wa mji wa Vumbani, alichora duara la chaki sakafuni mwa ofisi yake, akafukiza ubani na kumwita zimwi Garagaza, kwani mto ulikuwa umelichukua daraja na chakula hakikuweza kuvuka.

"Nitalijenga kwa siku tatu," alinguruma Garagaza. "Utumishi wangu utakapokoma, nitaitwaa roho yako."

"Vyema, bwana mkubwa. Tuandikiane." Makungu alichovya kalamu katika wino. "Naongeza sharti moja juu ya utumishi wako: mtumishi haondoki kazini kabla ya kumkabidhi kazi mrithi wake."

"Nyie makarani!" Zimwi alicheka mpaka kalenda ikaanguka kutoka ukutani. "Andika upendavyo." Akatia sahihi kwa ukucha.

Tarehe 1 Julai daraja lilikuwa limesimama imara, na magunia ya mchele yalikuwa yakivuka. Garagaza alimkuta Makungu barazani kwake, akinywa chai, miguu juu ya kigoda.

"Mwite huyo mrithi nimkabidhi kazi, kisha nikutwae!"

"Kuita mazimwi ni kazi ya karani wa mji, bwana mkubwa. Mimi nilistaafu jana, tarehe 30 Juni."

"Basi karani mpya na amwite!"

"Bado hajaajiriwa. Nafasi imekwisha kutangazwa."

"Maombi hupokelewa na nani?"

Makungu aliipuliza chai yake taratibu.

"Na karani wa mji," alijibu. "Ufagio wa daraja uko nyuma ya mlango."