Mashavu na Zimwi Aliyechukia Mvumo

Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na nini?

Wewe ndiwe mjuzi, tuambie!

Palikuwa na mama na bustani yake, na zimwi mwenye masikio mapana kama majamvi.

Ehe! Twende naye!

Hapo kale, katika kijiji cha Mtondoni, aliishi mjane jina lake Mashavu. Alikuwa na binti mmoja, Kidawa, na bustani nyuma ya jiko. Haikuwa bustani kubwa. Lakini humo mlikuwa na maboga, mlikuwa na mung'unye, na juu ya ua wa makuti ulitambaa mpasheni.

Kila alipokaa kwenye mbuzi kukuna nazi, Mashavu aliwatazama wageni wake. Asubuhi walikuja nyuki. Waliingia ndani ya maua ya boga, wakatoka na unga wa manjano miguuni. Mchana alikuja yule nyuki mweusi mnene, mtoboaji wa boriti, akatua kwenye maua ya pasheni. Jua likizama walikuja nondo, kimya kimya, kwenye ua jeupe la mung'unye.

"Vuuu, vuuu, vuuu!" Kidawa aliwaigiza, na mama yake akacheka.

Basi siku moja akatokea zimwi. Wajukuu zangu, zimwi yule alikuwa na masikio! Akitaka kulala, sikio moja alilitandika chini, la pili akajifunika gubigubi. Akaenda moja kwa moja mpaka barazani kwa Jumbe Mwinchande, mkuu wa kijiji, akawakuta wazee wametulia.

"Ngedere wanamaliza mahindi yenu," akasema zimwi. "Nguruwe wanafukua mihogo yenu. Nitawafukuza wote. Kwa malipo nataka mambo mawili tu. Mnipe maboga kila msimu, na mnipe kimya. Hawa wadudu wenu wanavuma mchana kutwa, wananitoboa masikio. Nipeni niwafungie."

Jumbe akacheka mpaka kofia ikamwanguka. "Wadudu tu? Mdudu ana kazi gani zaidi ya kuuma watu? Wachukue!"

Na wazee wakaitikia, "Wachukue! Wachukue! Wachukue!"

Mashavu alikuwa akipita na mtungi wake kichwani. Akautua.

"Shikamoo, Jumbe."

"Marahaba."

"Hao mnaowagawa ni wa nani? Mmewauliza wenye bustani?"

"Haya ni mambo ya baraza, mwanamke. Nenda jikoni."

"Huko jikoni ndiko yanakotoka hayo maboga mnayomwahidi. Mngeuliza kwanza yanavyo..."

"Nenda jikoni!"

Mashavu akajitwika mtungi wake akaenda, mishipa ya shingo imemsimama kwa hasira. Nyuma yake alisikia kicheko. Hakuna kinachochoma kama kicheko cha mtu asiyejua anachokicheka.

Zimwi akatoa kibuyu kikubwa, akakielekeza mdomo juu, akaimba:

"Mnaovuma, njooni!
Mnaoruka, njooni!
Wenye mbawa, njooni!
Kibuyu ndiyo nyumba yenu!"

Wakaja! Nyuki wakaja, vipepeo wakaja, nondo waliolala chini ya majani wakaja, wakaingia kama moshi unaorudi jikoni. Zimwi akakiziba kwa kizibo, akakivaa shingoni, akaenda zake pangoni kulala.

Siku za mwanzo watu walifurahi. Jumbe alikunywa togwa lake bila nyuki kuzunguka kata. Ngedere hawakuonekana, nguruwe hawakuonekana. "Mnaona?" Jumbe akasema. "Hii ndiyo hekima ya wazee."

Lakini Mashavu aliona jambo jingine. Ua la boga lilichanua asubuhi, likangoja, likafumba halijaguswa. Kile kiboga kichanga nyuma ya ua, kidogo kama kidole, kikawa cha manjano, kikaoza, kikaanguka. Mung'unye zikafanya hivyo hivyo. Mpasheni ukatoa maua tele, usitoe tunda hata la kulamba.

Akazunguka nyumba za wenzake. Kwa Bi Zamda, jirani yake, matango yameanguka. Nyumba ya pili, matikiti yameanguka. Nyumba ya tatu, maboga yameanguka. Kina mama walikuwa wakikwangua masufuria wakidhani mkosi umewaingia.

"Si mkosi, shoga," Mashavu akamwambia Bi Zamda. "Ni baraza."

Akarudi bustanini akakaa karibu na maua, akakumbuka miguu ya nyuki yenye unga. Akatazama vizuri. Kumbe ua la boga ni namna mbili: moja lina unga na halina kiboga nyuma yake, jingine lina kiboga na halina unga. Akachuma lile lenye unga, akalipakaza ndani ya mwenzake, taratibu, kama mtu anayempaka mtoto mafuta. Maua mengine yote yalikuwa yamekwisha nyauka, msimu ulikuwa unakatika. Lakini lile moja likashika. Kiboga kikakua, kikawa boga, likawa boga kubwa la kuliwa.

Basi akalipeleka barazani. "Jumbe, tazameni. Hili nimelifanyia kazi ya nyuki kwa mkono. Mimi nimeweza moja tu, nyuki huifanya kazi hii kijiji kizima. Mwambieni zimwi afungue kibuyu."

Nanyi mnadhani walimshukuru? Hata! Jumbe alilitazama boga, akawatazama wazee, akasema, "Kijiji kizima hakina boga ila kwake! Ndiye aliyeturoga. Siku ile alisimama hapa akatulaani kwa sababu tulimwambia aende jikoni."

"Mchawi!" wakasema wazee. "Mchawi! Mchawi!"

Hasira zilimpanda Mashavu. Alilibeba boga lake akaondoka. Alijua angefungua mdomo siku ile, lingetoka neno ambalo halirudi.

Haukupita muda mrefu zimwi akaja kudai.

"Maboga yangu yako wapi?"

"Hayakuzaa, bwana mkubwa," Jumbe akasema, jasho linamtoka.

"Basi nipeni mtoto. Nina njaa."

Wajukuu zangu, hapa mimi hasira hunipanda kila ninapofika. Jumbe Mwinchande alikuwa na watoto wake saba. Wazee walikuwa na watoto wao. Hakuna aliyemtazama mwanawe. Wote waligeuza macho upande wa nyumba ya mjane.

Mashavu alikuwa kisimani. Aliporudi, mlango ulikuwa wazi, na Bi Zamda amekaa kizingitini analia.

"Kidawa yuko wapi?"

"Wamemchukua, mwenzangu. Wamempa zimwi. Nimepiga kelele, nimewashika nguo, wamenisukuma."

Mashavu hakulia. Alilichukua lile boga moja, akachukua na kisu cha jikoni, akashika njia. Alipopita barazani wazee wote wakainama, ghafla kila mmoja ana mwiba wa kutoa mguuni.

Alimkuta zimwi mdomoni mwa pango, jua la saa sita likiwaka. Kidawa alikuwa amefungwa kamba kwenye kidole gumba cha mguu wa zimwi.

"Mama!"

"Nimekuja, mwanangu. Tulia." Kisha akamgeukia zimwi. "Wewe uliahidiwa maboga, hukuahidiwa mtoto. Boga hili hapa. Nipe mwanangu."

Akalipasua kwa kisu. Zimwi akatia kipande kinywani, akatia cha pili, akatia cha tatu. Likaisha.

"Tamu," akasema. "Lakini moja halishibishi. Mengine yako wapi?"

"Umeyavaa shingoni."

"Nini?"

"Hao uliowafungia ndio wanaozalisha maboga. Umejifungia chakula chako mwenyewe, umefungia na chakula cha watoto wa watu. Fungua!"

Zimwi akacheka, mapango yakaitikia. "We mwanamke, kibuyu hiki kimefungwa kwa uganga. Hakitoki kizibo kwa nguvu. Sharti aje mtu awaite waliomo kwa kazi zao. Na wakubwa wenu wameniambia wenyewe kwamba wadudu hawana kazi! Haya, jaribu. Ukishindwa, nitawala wote wawili."

Akakiinamisha kibuyu mbele yake. Mashavu akakisogelea. Ndani alisikia mvumo hafifu, kama wa mtu anayelia chini ya blanketi. Hasira yote aliyoimeza tangu siku ya baraza ikampanda kooni. Akaiacha itoke.

"Nyuki!" akaita. "Wewe unayebeba unga wa ua la boga umpelekee mwenzake, toka!"

Kizibo kikalia, kii!

Zimwi akaacha kucheka.

"Nyuki mweusi mtoboa boriti! Wewe unayelitikisa ua la pasheni mpaka likazaa, toka!"

Kizibo kikazunguka, kii, kii!

"Nyamaza!" zimwi akanguruma.

"Sinyamazi! Nimenyamazishwa vya kutosha! Nondo! Wewe unayekuja jua likizama, unayelijua ua jeupe la mung'unye wakati watu wamekupa mgongo, toka!"

Paaa! Kizibo kikaruka. Wakatoka wote kwa mpigo mmoja, na mahali palipokuwa karibu pa kuingia ni yale masikio mapana kama majamvi.

Vuuu! Vuuu! Vuuu!

"Masikio yangu! Masikio yangu!" Zimwi akajishika kichwa kwa mikono miwili. Mashavu akakata kamba, akamkumbatia Kidawa, wakalala chini. Zimwi akatimua mbio, masikio yakimpigapiga mgongoni, nyuki wakimfuata. Akavuka mto, akavuka bonde, akavuka mlima, na hadi leo hakuna aliyemwona.

Mama na mwana wakarudi nyumbani wameshikana mikono. Nondo walijitawanya njiani, vipepeo wakaenda vichakani, nyuki wakatafuta mashimo yao.

Walipofika kijijini wakakuta ngoma, maana watu walikuwa wamemwona zimwi akipita mbio. Jumbe Mwinchande amesimama kitini. "Tumemshinda zimwi!" alikuwa akisema. "Hekima ya wazee imetuokoa!"

Mashavu akapasua umati mpaka mbele. Ngoma ikanyamaza.

"Nani amemshinda?" akauliza. "Wewe uliyecheka? Au hawa waliokuitikia? Mliwagawa msiowajua. Nilipowauliza, mkanituma jikoni. Nilipowaonyesha, mkaniita mchawi. Na njaa mliyoileta wenyewe ilipotaka kulipwa, mkailipa kwa mwanangu."

"Sikujua," Jumbe akasema kwa sauti ndogo.

"Kutojua si kosa. Hukuuliza! Na ulipoambiwa, hukusikia."

Hakungoja jibu. Alimshika mtoto mkono, akaenda. Bi Zamda akamfuata. Kina mama wote wakafuata, wakamwacha Jumbe na ngoma yake.

Msimu uliofuata maboga yalizaa, mung'unye zikazaa, pasheni zikalala juu ya ua mpaka ukainama. Watu wakala. Barazani kukawekwa mkeka wa kina mama mbele kabisa, na hakuna aliyethubutu kutoa ahadi kabla hawajaulizwa. Lakini jambo moja watu wote waliliona: kila alipokutana na Jumbe njiani, Mashavu hakumwamkia. Mtu mzima vile, mwenye mvi, anapitwa bila shikamoo! Ilimuuma Jumbe kuliko mwiba. Akatuma watu kumwombea radhi. Mashavu akawajibu, "Aliyekosewa si mimi, ni mtoto."

Basi asubuhi moja Jumbe Mwinchande akaja mwenyewe bustanini, bila kofia, bila wazee. Akampita Mashavu jikoni, akaenda hadi kwa Kidawa aliyekuwa akipalilia. Akaketi chini, udongoni, mbele ya mtoto.

"Mjukuu wangu," akasema. "Nilikutoa ukaliwe. Nilikuwa na wanangu nikawaficha, nikakutoa wewe. Naomba radhi."

Kidawa akaweka jembe chini. Mama yake mlangoni akaacha kukuna nazi.

"Nimesikia, babu," Kidawa akasema. "Lakini ondoka hapo. Umekalia ua."

Jumbe akaruka kama aliyekalia kaa la moto. Akainama, akalinyoosha lile ua kwa vidole viwili, polepole, akihema.

Na kutoka mlangoni Mashavu akasema, "Shikamoo, Jumbe."

Wajukuu zangu, mdudu usiyeijua kazi yake, usimgawe wala usimuue. Muulize anayekaa naye. Na anayekulisha usimtume jikoni anapotaka kusema.

Hadithi yangu imefika ukingoni, na hapo ndipo ilipoishia. Aliye na masikio asiyalalie.