Kwa Nini Viraka vya Kisesei Hutandikwa Uwanjani

Hapo kale, kabla barabara haijapanda mlimani, hakuna mtu wa Kisesei aliyejifunika nguo ya rangi mbili. Watu wa Juu, waliokaa karibu na chemchemi, walichemsha magome ya mti wakatia nguo zao rangi nyekundu. Watu wa Bondeni walizifukia zao katika tope la kinamasi, zikatoka nyeusi. Nguo yenyewe ilikuwa moja, ile nyeupe nzito waliyoileta wachuuzi kutoka pwani, ila ikishatiwa rangi ilikuwa imekwisha kuwa na kwao. Mtoto alipozaliwa alifunikwa shuka la ukoo wa baba yake, zima, la rangi moja, na baada ya hapo hakuna aliyehitaji kuuliza ni wa wapi.

Zama hizo aliishi mshonaji mmoja, jina lake Nanzia. Kazi yake kubwa ilikuwa kupinda mapindo na kuziba matundu. Hakuwa mwanamke wa maneno mengi, lakini alikuwa na tabia iliyowachosha watu: kila alichokiona alitaka kujua kwa nini kiko hivyo. Aliuliza kwa nini maharage ya ganda moja hayafanani madoa. Aliuliza kwa nini kilima cha ng'ambo ni cha buluu ukikitazama, na ukikifikia ni majani matupu. Mumewe, mtu mpole, alimjibu kwamba ndivyo kilivyoumbwa. Usoni mwa Nanzia ilionekana wazi kwamba hakuridhika.

Mwaka mmoja masika yalizidi, ubavu mzima wa mlima ukaporomoka na kuizika njia ya wachuuzi. Nguo haikupanda tena. Kipupwe kilipokaribia, Kisesei nzima haikuwa na shuka zima la kumfunika mtoto, na mtoto alikuwa njiani. Nakunda, binti wa Juu aliyeolewa na Mbonea wa Bondeni, alikuwa amebakiza majuma machache ajifungue. Kipupwe kilichotangulia baridi ilichukua watoto wawili, kwa hiyo shuka halikuwa jambo la urembo.

Nakunda na Nanzia walikuwa majirani, ua kwa ua. Siku moja Nakunda alimwendea, akamwuliza kama vipande vya nguo kuukuu vingeweza kuunganishwa vikawa shuka. Nanzia akamwambia kwamba hajui, na kwa kuwa hajui, angependa sana kujaribu.

Habari ikaenea, na kila nyumba ikachangia ilichoweza. Mama Mbonea, mkwewe Nakunda, alileta bunda la vipande vyeusi, akaagiza vikae katikati, maana mtoto ni wa Bondeni. Mama Nakunda naye akashuka kutoka Juu na vyekundu. Alitaka vikae upande wa kichwa, tena visigusane na vile vyeusi. Wanawake hawa wawili walikuwa na miaka minne hawasemezani. Siku ya harusi Mama Mbonea alisema mbele ya wageni kwamba chakula cha Juu hakina chumvi, na neno hilo dogo lilikuwa limelelewa tangu hapo hadi likanenepa.

Nanzia alijaribu kuvipanga ndani ya nyumba kama alivyoagizwa. Havikuafikiana. Shuka lilionekana kama nguo mbili zinazogombea kitanda. Akavikusanya vyote akavitoa uwanjani, kando ya njia iendayo kisimani, akavitandika juu ya majani na kuvibana kwa vijiwe ili upepo usivipeperushe.

Hapo ndipo alipoona jambo lililomshangaza. Palikuwa na kipande chekundu kilichochujuka, ambacho kando ya vyekundu vipya kilifanana na udongo. Alipokisogeza karibu na cheusi, kikawaka kama kaa la moto. Akakirudisha; kikafa. Akakisogeza tena, kikawaka. Nguo ilikuwa ile ile na jua lile lile. Uji uliungua jikoni, naye amechuchumaa pale pale anahamisha kipande huku na huku. Baadaye akagundua kwamba akifumba macho nusu, rangi zinapotea na kubaki mwanga na kiza tu. Akaona mwanga wote umelundikana upande mmoja, shuka kana kwamba limeinama. Akaanza kuuchanganya.

Waliopita kwenda kuchota maji walisimama, wakauliza anafanya nini. Nanzia aliwarudishia swali, akitaka kujua wao wangekiweka wapi hiki na kile. Wengine walicheka, wengine waliinama wakahamisha. Mama Mbonea alipopita alitua mtungi, akavirudisha vyeusi vyake katikati, akajitwika mtungi wake akaenda. Alasiri Mama Nakunda akaja, akavirundika vyekundu vyake kichwani mwa shuka. Kesho yake ikawa hivyo hivyo, na keshokutwa pia. Nanzia hakuwazuia. Alitaka kuona litafika wapi, ingawa moyoni alianza kuogopa, maana siku zilikuwa zikienda na hajatia sindano hata mara moja.

Asubuhi ya siku ya nne, ukungu umelala hadi mlangoni, Nakunda akashikwa na uchungu kabla ya wakati wake. Mkunga akaingia, mlango ukafungwa. Kwa desturi ya huko bibi wa mtoto hawaingii chumbani, kwa hiyo wote wawili walijikuta wanangojea katika uwanja wa Nanzia, huyu upande huu wa vitambaa na yule upande ule. Baridi ilikuwa inapenya mifupa. Kutoka ng'ambo ya ua sauti ya Nakunda ilisikika, ikakoma, ikasikika tena.

Mama Nakunda hakuweza kukaa. Alivizunguka vile vitambaa mara ya kwanza, na ya pili, akainama kunyoosha chake kimoja. Kisha akasimama akitazama katikati, mahali palipojaa weusi. Mle mlikuwa na kipande cha kaniki kizuri kuliko vyote, cheusi cha kung'aa, kilichokatwa kwenye nguo ya harusi ya Mama Mbonea mwenyewe. Kimezungukwa na weusi wenzake, hakuna ambaye angekiona. Alikitazama kwa muda mrefu. Halafu akakiokota, kitu kisicho chake, akakiweka katikati ya vyekundu.

Mama Mbonea alikuwa amekwisha kuinuka.

"Mkwe wangu," alisema Mama Nakunda bila kuinua uso, "hiki chako kilikuwa kinapotea kule. Hapa kinaonekana."

Mama Mbonea alirudi nyuma hadi penye ua, akafumba macho nusu kama alivyokuwa akimwona Nanzia akifanya. Kisha akaja, akachagua kile chekundu kilichochujuka, akakitia kati ya vyeusi, nacho kikawaka.

"Na hiki chako kilikuwa kimenyong'onyea," alisema. "Tazama sasa."

Wakaendelea hivyo, huyu akihamisha cha yule, na pale walipobishana walimwita Nanzia aamue. Jua lilipotoboa ukungu hakuna aliyekuwa na kipande mahali alipokiweka mwenyewe. Nanzia akatia uzi sindanoni, na wao wakachukua sindano zao, wakajaza sufi kati ya tabaka mbili za viraka na kushona wakielekeana.

Mtoto alizaliwa adhuhuri, wa kike, mdogo mno. Alifunikwa shuka likiwa bado halijamalizwa upande mmoja, na walimalizia kulishona likiwa juu yake. Akakivuka kipupwe chote, na vingine vingi baada ya hicho. Bibi zake hawakuacha kubishana juu ya rangi hadi uzeeni, lakini walibishana wakiwa wamekaa mkeka mmoja. Nanzia kwa upande wake aliendelea kumwuliza kila mgeni kwa nini rangi hubadilika ikipata jirani mwingine. Hakuna aliyempa jibu la kumtosha.

Basi ndiyo sababu hata leo, mtoto anapotarajiwa Kisesei, viraka hutandikwa uwanjani kando ya njia, na kila apitaye, awe mwenyeji au mgeni, huombwa ahamishe kimoja. Wala hakuna mwanamke atakayetia sindano mpaka kila kipande kiwe kimehamishwa na mkono usio wa aliyekileta.