Mbu Hajui Mwenyeji

"Mbu hajui mwenyeji." Mmeisikia leo mkacheka, mkadhani ni maneno ya wauza vyandarua. Haya, sogeeni, wacheshi wangu. Chanzo chake ni hiki.

Ambakisye alitoka Kyela akiwa kijana, akaenda kuchimba dhahabu Johannesburg. Huko baridi ya asubuhi hukata masikio, na malaria watu huisikia redioni tu. Akaoa hukohuko, wakajaliwa binti, Sekela, mtoto aliyeanza kuimba kabla hajafumbua macho vizuri. Miaka ikapita, ndipo akaamua kumpeleka Kyela kwa bibi yake.

Mkewe, Thandeka, alirudi kutoka zahanati na maagizo: waanze vidonge vya kuzuia malaria kabla ya safari, na wakifika walale ndani ya chandarua.

Ambakisye alicheka mpaka akashika mbavu. "Hivyo ni vya watalii! Mbu wa Kyela nimekua nao. Watanivunjia heshima leo?"

"Wewe umekua nao. Sekela je?"

"Damu ni yangu, Mama Sekela."

Wakaondoka bila hata kidonge. Kyela mpunga ulikuwa umesimama majini, na jioni mbu walitanda kama moshi. Bibi alikuwa na chandarua kimoja. Akakitundika juu ya kitanda cha mjukuu. Ambakisye akakifungua, akamrudishia.

"Mama, unanifanya mgeni nyumbani kwetu?"

"Nimemtundikia mtoto, baba."

"Mtoto ni wa hapa. Kitumie wewe."

Bibi akakikunja chandarua. Mwana amerudi kutoka mbali, amejaa furaha. Nani amwambie kwamba kwao pamemsahau?

Wiki ya pili Sekela aliamka kimya. Homa ikapanda, degedege likafuata. Hospitalini waliipigania roho yake, ikabaki. Lakini kusikia kukaondoka.

Siku ya kuruhusiwa, Ambakisye alisimama mlangoni mwa wodi. "Sekela!" Mtoto alikuwa akitazama dirishani. Akaita tena, kwa sauti ya mgodini, wodi nzima ikageuka. Sekela hakugeuka. Thandeka aliendelea kukunja nguo za mwanawe.

"Mama," alimwambia mama yake aliyekuwa kando ya kitanda, "si ni damu ya hapa hii?"

"Ni ya hapa, baba. Nami nilijua, nikaona haya kukukataza." Bibi akajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Mbu hajui mwenyeji."