Mkono wa Injinia Mgaya

"Na nani atagonga?"

Bi Sikudhani aliuliza hivyo asubuhi mashine mpya ya kubana soli ilipotolewa kwenye makasha, mbele ya meneja, mbele ya injinia, mbele ya wafanyakazi mia moja na kumi. Injinia Mgaya alitabasamu, akawasha umeme.

Swali lake halikuwa la kijinga. Katika kiwanda kile cha viatu, nje kidogo ya Morogoro, kelele zilikuwa nyingi hata matusi yalipotea bure. Kwa hiyo waendesha mashine walikuwa na desturi yao. Kabla ya kukanyaga pedali ili bamba la chuma lishuke juu ya kiatu, unagonga meza mara mbili kwa ngumi. Mwenzako anayepanga soli upande wa pili anasikia kwa viwiko, si kwa masikio. Anatoa mikono, anagonga mara moja. Ndipo unakanyaga. Miaka kumi na minane, hakuna aliyepoteza hata kidole.

Waliosifiwa kuliko wote walikuwa watatu. Bi Sikudhani alikuwa na kisu: alikata ngozi bila kupima, na vipande vikalingana. Mkude alikuwa na mikono: soli aliyoishika haikupinda. Tunu, mdogo wao, alikuwa na sikio: mashine ikianza kuugua, yeye ndiye aliyejua wa kwanza.

Kabla ya asubuhi ile, kwa miezi mitatu, Injinia Mgaya alikuwa amewarekodi kwa kamera, akaufundisha mtambo huo mpya unaojiendesha wenyewe kila walichofanya. Kila kitu, isipokuwa kugonga. "Sekunde mbili kwa kila kiatu," alisema. "Hayo ni mazoea tu ya watu wanaoogopa chuma." Akayafuta.

Siku ya tisa tangu mtambo uwashwe, kiatu kilikwama. Mtambo ulikuwa kimya, injinia akaingiza mkono. Bamba lilishuka bila hodi, likamponda kiganja na kukibana kwenye sinia inayobeba viatu. Kisha sinia ikaanza kumvuta kuelekea bamba la pili, lile pana, kichwa kikitangulia.

Tunu alisikia kabla injinia hajapiga kelele. Alijua ule mlio si wa mpira, ni wa mfupa. Akazima swichi, lakini mtambo ulikuwa unasukumwa na hewa, na hewa ilikuwa bado imo. Akaufuata mluzi wake hadi kwenye mpira unaoipitisha, akaung'oa kwa mikono. Ncha yake ya chuma ilimchapa usoni, ikampasua jicho la kushoto. Sinia ikapunguza mwendo. Haikusimama.

Mkude aliona bamba la pili likishuka juu ya kichwa cha mtu. Akanyakua kalibu ya chuma, ile yenye umbo la mguu, akaisukuma katikati na kuishikilia. Bamba lilisaga kalibu, likasaga na yeye. Vidole vinne vilibaki mle. Bamba likasita. Halikurudi juu.

Bi Sikudhani aliona kalibu inaanza kuteleza na kiganja bado kimebanwa. "Nitazame mimi, mwanangu," alimwambia injinia. "Huko usitazame." Akakata kwenye kifundo cha mkono, mara tatu, akamvuta nje. Bamba likaanguka. Walinzi walioingia mbio walimkuta na kisu na damu hadi kwenye viwiko, wakadhani amelipiza kisasi cha mashine. Walimpiga marungu mpaka mfupa wa bega ukavunjika.

Injinia Mgaya akaishi. Mtoe mmoja kati ya hao watatu, tunazika.

Wiki iliyofuata wafanyakazi waliuvunja mtambo kwa nyundo. Ukaletwa mwingine kabla vipande vya ule wa kwanza havijafagiliwa.

Meneja akaja hospitali, akawaita wote watatu kando ya kitanda cha injinia. "Wafanyakazi wote wanakwenda nyumbani," alisema. "Mtambo unahitaji mtu mmoja tu, wa kukaa mbele ya kioo na kubonyeza. Hata mwenye jicho moja anaweza. Injinia, hawa ndio waliokuokoa. Chagua."

Akatoka, akangoja mlangoni.

"Mimi ndiye niliyesikia," Tunu akasema. "Bila mimi mngekuwa bado mnakunywa chai."

"Mbwa naye anasikia, dada," Mkude akajibu. "Mimi nilishika."

"Sasa utabonyeza kwa nini, kwa pua?"

Mkude alimpiga kwa mkono ule ule wenye bandeji, damu ikapenya kitambaani. Tunu akamrukia, meno yakazama shingoni. Bi Sikudhani akajitupa katikati na bega lake lililovunjika, akawasukuma mpaka ukutani.

"Aibu," alisema akihema. "Mnang'atana kwa ajili ya kiti." Kisha akamgeukia injinia. "Lakini kama ni kusema kweli, baba, hawa walikuchelewesha tu kufa. Aliyekutoa ni mimi."

"Hata bucha anakata, mama," Mkude akasema, na wakaanza upya.

Sasa nawasikia ninyi mliokaa nyuma: wapewe wote. Nani asiyejua hivyo? Nafasi ni moja. Meneja kaulizwa mara tatu, kajibu mara tatu. Wewe wa mbele unasema wakatae wote. Wakatae wakale nini? Bi Sikudhani analea wajukuu wanne. Mkude hana kazi nyingine inayomtaka mtu aliyebaki na kidole gumba tu kwenye mkono mmoja. Tunu ana miaka ishirini na mbili, na miaka yote iliyobaki ataiona kwa jicho moja. Na usiniambie apewe aliyeumia zaidi, mpaka uwe na mizani ya kupimia jicho, vidole na mfupa.

Wauguzi wamewatenganisha. Wamesimama miguuni pa kitanda, wanavuja damu, wanamtazama mtu mwenye mkono mmoja aliyekata zile sekunde mbili. Meneja yuko mlangoni na karatasi.

Je, wewe ungekuwa kitandani pale, ungeamua vipi? Hotuba sitaki. Naomba jina moja.